Kuanika na Kuanua: Jua, Ujima na Sanaa ya Nyuzi katika Bura ya Taita

Utangulizi

Katika Kiswahili kuna jozi ya vitenzi ambayo kila mwanafunzi wa mofolojia hukutana nayo mapema, nayo ni anika na anua. Kuanika ni kukitandaza au kukitundika kitu juani ili kikauke. Kuanua ni kukitoa kitu hicho juani, ama kwa kuwa kimekwisha kukauka, ama kwa kuwa mvua inakuja. Vitabu vya sarufi huvitaja vitenzi hivi sambamba na funika na funua, bandika na bandua, inika na inua, kama mifano ya kauli ya kutendua, kisha huendelea na mambo mengine. Makala haya yananuia kukaa na jozi hiyo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani yake mna maarifa ya kazi nzima, yaani kazi ya kutengeneza sanaa ya nyuzi kwa msaada wa jua.

Maswali tunayoyajibu ni mawili. La kwanza, jua hufanya nini hasa katika sanaa ya nyuzi? La pili, kazi hiyo huwaje wakati ambapo misimu ya mvua na kiangazi haifuati tena utaratibu uliozoeleka? Mfano wetu mkuu ni ususi wa vikapu vya mkonge katika Bura, Kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya. Hoja yetu ni kwamba sanaa hii haitegemei jua peke yake, bali hutegemea zamu baina ya jua na maji. Mabadiliko ya tabianchi yanaivuruga zamu hiyo, na sehemu kubwa ya maarifa ya kuisoma imehifadhiwa katika maneno ya watu wanaoifanya kazi yenyewe.

Bura na Mazingira Yake

Bura inayozungumziwa hapa iko chini ya vilima vya Taita, kando ya njia itokayo Voi kupitia Mwatate kuelekea Taveta. Isichanganywe na Bura ya Kaunti ya Tana River, ambayo hujulikana kwa mradi wa kilimo cha umwagiliaji ulioanzishwa kwa ajili ya pamba. Katika Bura ya Taita, wamishonari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1892. Reli itokayo Voi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1915 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipita hapo ikielekea Maktau na hatimaye Taveta. Jirani, katika eneo la Mwatate, limo shamba la mkonge la Teita, ambalo ni miongoni mwa mashamba makubwa zaidi ya mkonge katika Afrika Mashariki.

Mahali hapa pana sura mbili za anga zinazotazamana. Juu kuna vilima vyenye ukungu na misitu, na kilele chake kirefu zaidi, Vuria, hufikia mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Chini kuna tambarare kavu za Tsavo, ambapo mji wa Voi hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka. Mvua yenyewe huja kwa misimu miwili, yaani masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa hiyo mkulima wa tambarare hulima katika ardhi finyu, kwa mvua haba, huku ndovu wakiwa majirani zake. Mahindi yake yanaweza kunyauka yakiwa machanga, au yakaliwa usiku mmoja yakiwa yamekomaa.

Ni katika mazingira haya ndipo kikapu kinapopata uzito wake. Kwa mgeni, kikapu cha Taita ni pambo zuri la rangi. Kwa mama aliyekisuka, mara nyingi kikapu ni karo, dawa au unga wa mwezi ambao shamba halikutoa kitu.

Nyuzi na Majina Yake

Mmea ambao leo tunauita mkonge, na ambao wataalamu wa mimea huuita Agave sisalana, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Meksiko. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Inasimuliwa katika historia ya zao hilo kwamba ni miche 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na michache hiyo yalichipuka mashamba makubwa ya Tanganyika, na baadaye zao hilo likaenea Kenya pia.

Hata hivyo, jina mkonge lilikuwepo kabla ya mmea huo kufika. Wenyeji wa pwani na bara yake walilitumia kwa mimea ya kienyeji ya jenasi Sansevieria, ambayo huota kwa wingi katika nyika za Tsavo. Majani yake ni mazito, hayana miiba ya pembeni, na yamejaa nyuzi ndefu. Ndovu wa Tsavo huyatafuna kwa ajili ya maji yaliyomo, kisha hutema matonge ya nyuzi njiani. Binadamu naye alizichukua nyuzi hizo hizo kwa kamba, mitego na vyombo vya kubebea. Pamoja nazo alitumia nyuzi za gamba la mbuyu, mti ambao gamba lake huweza kuota tena baada ya kubanduliwa kwa uangalifu.

Neno la pili ni katani. Hili limetokana na neno la Kiarabu kattan, lenye maana ya mmea wa kitani. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa sura mbili: kitani ikabaki kuwa nguo laini tunayoisoma katika maandiko matakatifu, na katani ikawa nyuzi ngumu za mkonge. Kwa hiyo mmea mmoja wa Meksiko umepewa majina mawili, moja la mmea wa nyika na jingine la mmea wa nchi za mbali, ingawa si wa jenasi moja na wowote kati ya hiyo miwili. Kilichohama ni jina la kazi. Watu walipouona mmea mgeni ambao jani lake huparuliwa, huoshwa, huanikwa na kusokotwa kama lile walilolizoea, waliuita kwa jina ambalo mikono yao ililijua tayari. Huu ni ushahidi kwamba sanaa hii imewahi kupokea mabadiliko makubwa na kuendelea kuishi. Jambo hilo tulikumbuke tutakapofikia suala la tabianchi.

Kazi za Jua katika Ususi

Ususi wa kikapu huanza kwa kisu. Majani yaliyokomaa hukatwa, miiba yake huondolewa, kisha jani hupasuliwa vipande vyembamba. Vipande hivyo huparuliwa kwa makali butu juu ya ubao mpaka nyama ya kijani itoke na kubaki nyuzi tupu. Mashambani kazi hiyo hufanywa na mashine, ambayo wafanyakazi wa Tanga waliizoea kwa jina la korona. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, hivyo anayeparua kwa mkono huilipa kazi hiyo kwa mikono yake. Nyuzi hupatikana kwa uchache pia: katika kilo 100 za majani mabichi, nyuzi kavu hazizidi kilo chache, kwa kawaida kati ya 3 na 5. Nyingine zote ni maji na makapi. Baada ya kuparuliwa, nyuzi huoshwa ili kuondoa utomvu uliobaki. Hapo ndipo zamu ya jua inapoanza.

Kazi ya kwanza ya jua ni kukausha. Nyuzi zilizotundikwa kambani hupoteza maji haraka iwapo jua linaandamana na upepo. Ubora wa nyuzi hutegemea sana kiasi cha unyevu kilichobaki ndani yake. Zikifungwa zikiwa na unyevu, huota kuvu, hupata madoa ya kahawia na kutoa harufu ambayo haitoki tena. Kuanika vibaya basi ni kupoteza jasho lote lililotangulia.

Kazi ya pili ni kung'arisha. Nyuzi mbichi huwa na ukijani au umanjano. Miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, huvunjavunja chembe zinazobeba rangi hiyo, nao uzi hubaki mweupe kama maziwa. Weupe huu ndio msingi wa rangi zote zitakazotiwa baadaye. Lakini jua halijui kipimo. Nyuzi zikiachwa nje siku nyingi kupita kiasi, miale hiyo hiyo huanza kuvunja viungo vinavyoushikilia uzi wenyewe, nao huwa mkavu na mwepesi kukatika. Kwa hiyo kung'arisha nako kunahitaji mtu anayejua wakati wa kuanua.

Kazi ya tatu huhusu rangi, na hapa jua hutakiwa likae kando. Nyuzi huchemshwa katika sufuria pamoja na rangi, ama ya dukani ama ya mizizi, magamba na majani. Zikiisha kuiva hutundikwa kivulini penye upepo. Rangi iliyo mbichi ikipigwa na jua la utosi huweza kupauka upande mmoja na kubaki nzito upande mwingine. Msusi basi hulitumia jua kwa namna mbili zinazopingana: uzi mweupe hutolewa nje, uzi wa rangi hufichwa.

Baada ya hapo kazi hurudi mikononi. Nyuzi husokotwa kwa kuviringishwa pajani mpaka ziwe kamba nyembamba yenye unene uliolingana. Kikapu huanzia kwenye kitako. Nyuzi zinazotoka katikati kama miale ndizo mitande, na zile zinazopotwa kuizunguka ndizo mishindio. Kila mzunguko hupandisha kikapu kidogo, na kila badiliko la rangi ya mshindio huongeza hatua moja katika nakshi. Kosa la mizunguko kumi iliyopita haliwezi kurekebishwa bila kufumua yote yaliyolifuata.

Kupauka Kama Uchoraji

Kiswahili hutofautisha kwa makini namna rangi inavyopotea. Nguo huchujuka rangi inapotoka kwa maji wakati wa kufua. Nguo hupauka inapopigwa na jua mpaka ikawa na weupe wa vumbi. Rangi hufifia inapopungua nguvu kwa sababu yoyote ile. Kwa msusi, kupauka ni hasara. Hata hivyo ipo sanaa ya nguo inayokifanya kitendo hicho hicho kuwa kalamu yake, na inafaa kuieleza hapa kwa sababu inaonyesha kwa uwazi kazi ambayo ndani ya kikapu haionekani.

Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu athari ya jua juu ya maji ya maua na majani. Aligundua kwamba rangi nyingi za mimea hupauka mahali palipopigwa na mwanga na kubaki mahali palipofunikwa. Jaribio hilo linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye manjano jikoni. Kitambaa cha pamba huchovywa katika maji mazito ya manjano, kisha hukaushwa gizani. Juu yake hulazwa jani, na juu ya jani kioo, halafu vyote huwekwa juani kwa saa kadhaa. Jani likiondolewa, umbo lake hubaki na rangi ya manjano katikati ya kitambaa kilichopauka. Picha hiyo haidumu, kwa kuwa jua lililoichora litaendelea kuifuta kila itakapoonyeshwa nje.

Mwaka huo huo Herschel alivumbua njia ya pili iitwayo sianotaipu. Kitambaa hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za madini ya chuma. Miale ya jua huzigeuza ziwe rangi ya buluu iliyokolea, na maji huosha sehemu ambazo hazikufikiwa na mwanga. Kuanzia mwaka 1843 Anna Atkins alitumia njia hiyo kutengeneza kitabu cha picha za mimea ya baharini. Baadaye ikatumika kwa miaka mingi kunakili ramani za majengo. Leo wasanii wa nchi mbalimbali huitumia kutengeneza nguo za pamoja: kila mshiriki huleta jani au kitu cha kwao, hukilaza juu ya kipande chake cha kitambaa, na vipande vyote hushonwa kuwa nguo moja. Siku ya mawingu picha huchukua muda mrefu zaidi, na siku ya jua kali huchukua dakika chache, kwa hiyo kila kipande huhifadhi hali ya anga ya siku kilipotengenezwa.

Ufundi huo si wa asili ya Taita, lakini kanuni yake ni ile ile. Katika sianotaipu, jua huchora na maji hukomesha uchoraji. Katika mkonge, maji huosha, jua hukausha, maji ya rangi hupaka, na kivuli hukamilisha. Kote msanii ni mtu anayejua lini akikabidhi kitu kwa jua na lini akichukue. Huko ndiko kuanika na kuanua.

Ujima wa Kazi

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ususi wa vikapu katika Taita hufanywa sana katika vikundi vya akina mama. Msusi mmoja anaweza kukimaliza kikapu chake peke yake, lakini majani ya kukata, maji ya kuchota, kuni za kuchemshia rangi na safari ya kupeleka bidhaa sokoni ni mizigo inayobebwa vizuri zaidi kwa pamoja. Vikundi hununua rangi kwa jumla, hufundisha vijana, na mara nyingi huwa pia ni vyama vya upatu ambamo fedha za mauzo huzunguka kwa zamu. Zipo pia asasi zinazoviunganisha vikundi vya kaunti hii na wanunuzi wa mbali, mojawapo ikiitwa kwa neno la Kiswahili, Hadithi.

Lakini kuna ujima mwingine usioandikwa katika daftari la kikundi. Nyuzi huhitaji siku nzima nje, nayo siku nzima ya mama wa tambarare haina nafasi ya kukaa akizilinda. Huanika asubuhi na kwenda shambani, kisimani au sokoni. Anayemwezesha kufanya hivyo ni jirani. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki ni jambo la kawaida kwamba mawingu yanapotanda, aliye karibu huanua hata visivyo vyake. Kuanika kunaweza kuwa kazi ya mtu mmoja, lakini kuanua mara nyingi ni kazi ya mtaa. Kwa sababu hiyo, tunapouita ususi huu sanaa ya pamoja, tusihesabu tu mikono iliyopota mishindio. Tuuhesabu na mkono ulioziingiza nyuzi ndani kabla ya mvua, ambao jina lake halimo katika kibandiko cha bei.

Zamu Inapovurugika

Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inachukulia kuwa dalili hizo zinaaminika. Katika miaka ya karibuni imani hiyo imepungua. Wataalamu wa hali ya hewa wanazungumzia kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki: vielelezo vyao vya kompyuta hutabiri kwamba eneo hili litapata mvua zaidi kadiri dunia inavyoongezeka joto, lakini vipimo vya ardhini vilionyesha mvua za masika zikipungua kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1980. Mvua za vuli nazo hufuata kwa nguvu mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi na la Bahari ya Pasifiki, hivyo zinaweza kuwa gharika mwaka mmoja na ukame mwaka unaofuata.

Mfululizo wa matukio unaonyesha jambo hilo. Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa na mvua haba katika maeneo kame ya Kenya, na Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na mvua za El Niño, na masika ya mwaka 2024 yakaleta mafuriko katika sehemu nyingi za nchi.

Mtu anaweza kudhani kwamba ukame ni neema kwa anayeanika. Sivyo. Jua likizidi, kinachokosekana ni maji ya kuoshea nyuzi na kuchemshia rangi, na maji hayo yanashindaniwa na sufuria ya chakula na kinywa cha mbuzi. Mkonge wenyewe ni mmea mvumilivu, kwani hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati wa ubaridi, na kuvifunga mchana ili usipoteze maji. Hata hivyo, ukame mrefu hudumaza miche, na jani lililonyauka huparuliwa kwa shida. Mvua isiyotarajiwa nayo huleta hasara ya upande wa pili: nyuzi hazikauki, kuvu huingia, na rangi hukolea katika mabaka.

Hatari kubwa zaidi iko mahali ambapo mambo haya mawili hukutana na njaa. Shamba likikosa kutoa mazao, kikapu hulazimika kuleta chakula, na chakula hakingoji nyuzi zikauke vizuri. Mama aliyebanwa na haja huanua mapema, husokota uzi wenye unyevu na kuuza kikapu kitakachoota kuvu nyumbani kwa mnunuzi. Mnunuzi huyo hatajua habari za mawingu ya Bura. Ataona tu kwamba vikapu vya huko haviaminiki. Kamba hukatikia pembamba, na wembamba wa sanaa hii uko katika siku mbili tatu za kuanika.

Yapo mambo yanayoweza kusaidia bila gharama kubwa: paa la pamoja la karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na kuzuia mvua, pipa la kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya rangi, na ghala la kikundi la nyuzi zilizokaushwa vizuri wakati wa kiangazi ili zitumike msimu wa mvua. Hilo la mwisho lina maana ya pekee. Ghala la nyuzi kavu ni jua lililowekwa akiba, nalo humwezesha msusi asiyeweza kungoja kuendelea na kazi bila kuharibu jina la wote.

Msamiati wa Jua na Wajibu Wetu

Tumetumia katika makala haya maneno kama kuparua, kuanika, kuanua, kusokota, kupota, mtande, mshindio, kupauka na kuchujuka. Mengi yamo katika kamusi, lakini kamusi hutoa maana bila kazi. Haituambii kwamba kuanua nyuzi nyeupe na kuanua nyuzi za rangi hufanywa kwa sababu tofauti. Kamusi hueleza kianga kuwa mwanga wa jua unaotokeza baada ya mvua au mawingu. Msusi hulazimika kuamua kama kianga hicho kitadumu kiasi cha kutosha kutoa nyuzi nje tena. Maarifa ya aina hiyo hukaa katika mazungumzo ya watu wanaofanya kazi, nayo hupotea mazungumzo hayo yakinyamaza.

Lugha yenyewe imefaidi sana kutokana na nyuzi na jua. Kitenzi tatua, ambacho leo tunakitumia kwa matatizo ya hesabu na ya siasa, ni kutendua kutata, hali ya nyuzi zilizoshikana ovyo. Nchini Kenya mafundi wote wa karakana ndogo huitwa watu wa jua kali, jina lililotokana na kufanya kazi nje pasipo paa. Neno tabianchi, lililoundwa kwa kuunganisha tabia na nchi, limetuwezesha kulijadili suala la dunia nzima bila kukopa. Lakini istilahi za wataalamu hazitoshi ikiwa hazikutani na maneno ya msusi. Ripoti ikisema kwamba mtawanyiko wa mvua umebadilika, na msusi akisema kwamba siku hizi anaanika kwa wasiwasi, wote wawili wanasema jambo moja. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuwa daraja baina yao.

Kwa wale wetu wanaotoka Taita, wajibu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa wasusi wazee huifanya kazi hii kwa Kidawida, kwa Kisaghalla na kwa lahaja ya Kasighau kabla ya kuisimulia kwa Kiswahili. Neno la lugha ya nyumbani lililokusanywa pamoja na maelezo yake linaweza kuziba pengo katika Kiswahili, kama vile mkonge na katani yalivyoziba pengo karne iliyopita.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba jua hukausha, hung'arisha na hupausha, na kwamba msanii wa nyuzi hufanya kazi yake kwa kulipa jua zamu na kuichukua zamu hiyo kwa wakati. Tumeonyesha pia kwamba zamu hiyo hulindwa na jamii nzima, na kwamba mabadiliko ya misimu huigusa sanaa hii mahali pake palipo pembamba zaidi. Historia ya mkonge inatupa tumaini la kiasi: watu waliwahi kupokea mmea mgeni kabisa wakauingiza katika sanaa yao, kwa sababu maarifa ya kazi na majina yake yalikuwa hai.

Basi likizo ijayo, kila mwanachama anayetoka mahali penye wasusi, wafumaji au wasukaji wa mikeka na akae nao siku moja ya kuanika. Aandike maneno wanayoyatumia tangu alfajiri hadi jioni, pamoja na sababu ya kila kitendo, msimu wa kazi hiyo, na yale ambayo wazee wanasema yamebadilika. Mawingu yakitanda kabla hajamaliza kuandika, aweke kalamu chini asaidie kuanua.